Wasomaji Wanauliza: Bunduki, Ng'ombe na Ardhi ya Serikali

Toleo lililopita tuligusia kwa ufupi habari za wafugaji wa Marekani walioshika silaha kugombea malisho na serikali yao. Tangu hapo barua na jumbe zimefuatana, nyingi kutoka Arusha, Moshi na Monduli. Haishangazi, maana huku kwetu mpaka wa hifadhi ni jambo la kila siku. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha kwa sababu baadhi yao wana mashauri yanayoendelea.

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni dereva wa watalii. Juzi Wamarekani wawili walibishana ndani ya gari tangu Mto wa Mbu hadi mjini. Mmoja anadai serikali imehodhi ardhi ya wananchi, mwenzake anakataa. Mimi nilidhani Marekani kila ardhi ina mwenyewe. Serikali yao ina ardhi kiasi gani, na ilipatikanaje?
Dereva, Njiro, Arusha

JIBU: Ndugu dereva, serikali kuu ya Marekani, ile ya Washington, inamiliki takriban ekari milioni 640. Hiyo ni kama asilimia 28 ya nchi yote. Ukiigeuza kuwa kilomita za mraba inapita milioni 2.5, yaani Tanzania nzima zaidi ya mara mbili na nusu. Lakini haikutawanyika sawasawa. Nevada, karibu asilimia 80 ya jimbo ni ya serikali kuu. Utah na Idaho zinapita asilimia 60, Oregon inapita nusu. Ukienda Iowa au Connecticut haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo inawezekana wageni wako wametoka pande tofauti za nchi, na kila mmoja alikuwa anasema anachokiona kwao.

Maeneo ya magharibi serikali hiyo iliyapata katika karne ya 19: kwa kununua kutoka Ufaransa mwaka 1803, kwa vita na Mexico vilivyoisha na mkataba wa 1848, na kwa kuwabana wenyeji wa asili katika mikataba ambayo mingi haikuheshimiwa. Kisha ikaanza kugawa. Sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, mradi akae na kuziendeleza kwa miaka 5. Ekari 160 za Iowa, kwenye mvua na udongo mweusi, zinalisha familia. Ekari 160 za jangwa la Nevada hazitoshi hata ng'ombe wachache. Watu hawakuzitaka, zikabaki mikononi mwa serikali. Wafugaji wakalisha humo kila mtu kivyake hadi nyasi zikaharibika, na mwaka 1934 ikatungwa Sheria ya Malisho ya Taylor iliyoleta vibali, vitalu na ada. Mwaka 1976 Bunge likatamka kwamba ugawaji umekwisha, ardhi iliyobaki itaendelea kuwa ya umma.

Hapo wanasiasa wa magharibi walicharuka. Nevada ilitunga sheria mwaka 1979 ya kuidai ardhi hiyo iwe ya jimbo. Haikufika popote, na sababu mojawapo ni kwamba Nevada ilipokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1864 iliandika ndani ya katiba yake yenyewe kwamba inaikana milele haki ya kudai ardhi ya umma isiyogawiwa. Mwenye kudai kwamba Washington imepora ardhi ya Nevada ana deni la kueleza maneno hayo yaliingiaje humo.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iko chini ya idara nne: ya ardhi ya umma, inayojulikana kwa herufi BLM, yenye kama ekari milioni 245, ya misitu, kama milioni 193, ya wanyamapori, na ya hifadhi za taifa. Ugomvi mwingi ni na BLM kwa kuwa ndiyo inayokodisha malisho mengi.

SWALI: Hamjambo wahariri. Sisi wafugaji tunalipa ushuru mnadani, lakini nyasi hatujawahi kuuziwa. Mfugaji wa Marekani analipa nini hasa? Na yule mzee aliyewarudisha ng'ombe wake kwa mtutu wa bunduki, serikali ilimwachiaje?
Mzee wa boma, Monduli Juu

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaoshabikia mkasa huu hawaijui.

Ada inatozwa kwa mwezi wa malisho. Mwezi mmoja wa malisho ni nyasi za kumtosha ng'ombe mmoja na ndama wake kwa mwezi, au farasi mmoja, au kondoo au mbuzi watano. Mwaka 2014 ada ilikuwa dola 1.35, ambayo ndiyo ya chini kabisa kisheria. Mwaka 2016 ilipanda hadi dola 2.11, kisha 2019 ikarudi 1.35. Inapanda na kushuka kila mwaka kwa kanuni inayoangalia bei ya nyama, gharama za ufugaji na kodi ya malisho ya watu binafsi. Chukua mfugaji mwenye ng'ombe 200 wenye ndama, anaolisha miezi 5. Hiyo ni miezi ya malisho 1,000. Kwa ada ya 2014 alilipa dola 1,350. Malisho hayohayo kwenye shamba la mtu binafsi yangemgharimu kama dola 20,000. Kwa bei, basi, serikali haimkamui mfugaji.

Lakini kibali si cha kila mtu. Lazima uwe na shamba lako mwenyewe karibu, lenye maji au malisho ya kutegemeza mifugo wakati haiko kwenye kitalu. Kibali hutolewa kwa kawaida kwa miaka 10, na kinataja kitalu, idadi ya mifugo, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Ukiingiza ng'ombe kabla ya tarehe, au ukizidisha idadi, unahesabika mvamizi na unatozwa zaidi ya ada ya kawaida. BLM ina vibali karibu 18,000 vya namna hiyo. Walio wengi wanalipa na kuendelea na shughuli zao.

Malalamiko ya haki yako mahali pengine, na ni vizuri yasikike. Sheria ya 1934 inasema kibali hakimpi mfugaji umiliki wala hisa yoyote katika ardhi. Hata hivyo, shamba lenye kibali huuzwa ghali kuliko lisilo nacho, na benki hulithamini hivyo linapowekwa dhamana. Ofisa akija baada ya ukame, au kwa ajili ya mnyama anayelindwa, akapunguza ng'ombe kutoka 200 hadi 120, mfugaji hakosi nyasi tu. Thamani ya dhamana yake imeshuka, na mkopo uko palepale. Babu yake alilisha hapo, baba yake alilisha hapo, na karatasi inasema hana chake. Uchungu huo ni wa kweli, na vikundi vyenye silaha hujipenyeza hapohapo.

Njia ya kisheria ipo na ina tarehe. Ofisa hutoa kwanza uamuzi unaopendekezwa, nawe una siku 15 za kuupinga kwa maandishi. Ukitoka uamuzi wa mwisho una siku 30 za kukata rufaa kwa jaji wa ndani ya wizara, na baadaye mahakama za serikali kuu. Ukilala siku hizo, umefungwa mdomo.

Sasa huyo mzee. Ni Cliven Bundy wa Bunkerville, Nevada. Kobe wa jangwani aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1990, na malisho ya eneo lake yakawekewa masharti. Mwaka 1993 akaacha kulipa ada, akisema haitambui serikali kuu kuwa mwenye ardhi. Hakupinga masharti, alikataa mamlaka yenyewe, na mahakama haina namna ya kumpa nafuu mtu anayesema haitambui. Mwaka 1998 jaji aliamuru ng'ombe waondolewe. Mwaka 2013 amri ikatolewa upya. Kufikia Aprili 2014 deni, pamoja na faini za uvamizi, lilikuwa limepita dola milioni 1.

Serikali nayo iliboronga. Kwanza ilikaa miaka 16 na amri ya mahakama mkononi bila kuitekeleza, hata jirani zake waliokuwa wakilipa wakaanza kujiona wajinga. Pili, ilipokuja kukamata ng'ombe ilitenga viwanja vidogo vilivyozungushiwa uzio ikasema waandamanaji wasimame humo. Hilo liliwachoma hata watu wasiomuunga mkono Bundy. Tatu, tarehe 9 Aprili mwanawe Ammon alipigwa na kifaa cha shoti ya umeme, video ikazagaa, na watu wenye bunduki wakaanza kumiminika kutoka majimbo mengine. Tarehe 12 Aprili mamia walikuwa chini ya daraja la barabara kuu, wengine juu yake wakiwa na bunduki zimeelekezwa kwa maofisa. Maofisa wakawaachia ng'ombe karibu 400 waliokuwa wamekamatwa, wakaondoka. Hakuna aliyefyatua risasi.

Kwa hiyo mzee, serikali haikumwachia kwa sababu alikuwa na haki. Ilirudi nyuma isimwage damu. Ardhi bado imeandikwa ya umma, na mwishoni mwa 2016 sehemu yake kubwa ikatangazwa kuwa hifadhi ya Gold Butte, karibu ekari 300,000.

SWALI: Katiba ya Marekani inataja wanamgambo na haki ya kumiliki silaha. Kwa nini basi vikundi hivi visiwe halali?
Mwanafunzi wa sheria, Usa River

JIBU: Kwa sababu kumiliki bunduki ni jambo moja, na kuunda jeshi ni jambo jingine. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilisema mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba raia ana haki ya kuwa na silaha ya kujilinda nyumbani. Lakini mahakama hiyohiyo ilishaamua mwaka 1886, kesi ya Presser, kwamba jimbo linaweza kuwazuia watu kujipanga na kuandamana kama kikosi cha kijeshi bila idhini, na uamuzi huo unasimama. Majimbo yote 50 yana kifungu cha katiba au cha sheria kinachobana vikosi vya binafsi. Tatizo ni kwamba waendesha mashtaka hawavitumii mara nyingi.

Wanachama wa vikundi hupenda kutaja sheria inayosema wanaume wenye uwezo, wa miaka 17 hadi 45, ni wanamgambo wasio rasmi. Sheria hiyo ipo. Ila inaeleza nani anaweza kuitwa, na anayeita ni serikali. Hata hapa kwetu mgambo hupewa mafunzo na dola na huitwa na dola. Watu watano wakinunua sare na kujipa vyeo hawajawa mgambo.

Hoja yao nyingine ni kwamba katiba inairuhusu Washington kumiliki mji mkuu, ngome na bandari tu. Wanasoma kifungu kimoja na kuruka kingine. Ibara ya 4 inalipatia Bunge mamlaka ya kuweka kanuni zote zinazohitajika juu ya mali ya Marekani, na mwaka 1976, kesi ya Kleppe dhidi ya New Mexico, majaji walisema mamlaka hayo juu ya ardhi ya umma hayana mipaka. Ukiulizwa darasani, taja vyote viwili.

Chimbuko la vikundi vya sasa ni miaka ya 1990. Agosti 1992 huko Ruby Ridge, Idaho, maofisa waliizingira familia moja kwa sababu ya kesi ya bunduki. Wakafa ofisa mmoja, mvulana wa miaka 14, na mama yake aliyepigwa risasi na mdunguaji. Mwaka uliofuata Waco, Texas, mzingiro wa siku 51 ukaisha kwa moto ulioua zaidi ya watu 70. Serikali ilitumia nguvu kupita kiasi katika matukio yote mawili, na kulisema hilo si kuvitetea vikundi. Lakini tarehe 19 Aprili 1995, siku ileile moto wa Waco ulipotimiza miaka miwili, bomu liliua watu 168 Oklahoma City, wakiwemo watoto 19. Aliyelitega alisema analipiza kisasi cha Waco. Vikundi vikasinyaa baada ya hapo, vikaibuka tena kuanzia 2008 na 2009 kwa majina kama Three Percenters na Oath Keepers. Mwanzilishi wa Oath Keepers, Stewart Rhodes, alihukumiwa miaka 18 mwaka 2023 kwa njama za uasi zilizohusu uvamizi wa Bunge wa 6 Januari 2021, na Januari 2025 Rais Trump akampunguzia adhabu, akatoka.

SWALI: Nafundisha uraia. Wanafunzi wangu wameona video ya watu walioteka ofisi za hifadhi ya ndege Oregon, na wanauliza kwa nini waliachiwa huru. Je, mahakama iliwapa haki ya ardhi?
Mwalimu, Marangu

JIBU: Hapana Mwalimu, na hapa wanafunzi wako wanaweza kujifunza kitu kizuri kuhusu mashtaka.

Tarehe 2 Januari 2016 kulikuwa na maandamano ya amani mjini Burns, kaunti ya Harney. Yaliwahusu Dwight Hammond na mwanawe Steven, wafugaji waliotiwa hatiani kwa moto uliounguza ardhi ya serikali. Jaji wa kwanza aliwapa vifungo vifupi, wakavitumikia. Serikali ikakata rufaa, kwa kuwa sheria waliyoshtakiwa nayo ina kifungo cha chini cha miaka 5, na wakaamriwa kurudi gerezani. Hata watu wasiopenda wanamgambo waliona hiyo si haki. Rais aliwasamehe Julai 2018.

Siku hiyo Ammon Bundy na wenzake wakajitenga na maandamano, wakaenda kuteka ofisi za hifadhi ya Malheur zilizokuwa zimefungwa kwa sikukuu. Wakakaa siku 41. Akina Hammond wenyewe, kupitia wakili, walisema Bundy hawasemei wao. Sherifu wa kaunti, yule ambaye itikadi yao inamwona kuwa mamlaka ya juu kuliko Washington, aliwaambia warudi makwao. Kabila la Burns Paiute liliwataka waondoke pia. Wenyeji hao walitengewa hifadhi yao katika eneo hilo mwaka 1872, wakaipoteza baada ya vita vya 1878. Mtu akisema ardhi irudishwe kwa wenyewe halafu akamruka Mpaiute, anataka irudi kwake yeye.

FBI walikumbuka Waco, hawakuvamia. Walisubiri viongozi watoke kwenda mkutanoni, na tarehe 26 Januari wakawawekea kizuizi barabarani. LaVoy Finicum alijaribu kukikwepa kwa gari, akatoka, na akapigwa risasi na polisi wa jimbo alipopeleka mkono kwenye koti, lililokutwa na bastola. Wanne wa mwisho walijisalimisha tarehe 11 Februari.

Sasa kesi. Waendesha mashtaka wangeweza kuanza na makosa mepesi kuthibitisha: kuingia bila ruhusa, kuharibu mali. Badala yake shtaka kuu likawa njama ya kuwazuia watumishi wa serikali kazini kwa nguvu au vitisho. Shtaka hilo linahitaji kuthibitisha makubaliano na nia: kwamba walikaa wakapatana kuwazuia watumishi hao. Washtakiwa wakasema walienda kupinga sera na kuidai ardhi, na habari za watumishi hawakuziwaza. Ikafahamika pia kuwa kulikuwa na watoa habari 15 wa serikali, tisa kati yao wakiwa wamefika hifadhini kwa nyakati mbalimbali, na upande wa utetezi ukauliza nani alikuwa anachochea nani. Oktoba 2016 raia 12 walioketi kuamua kesi wakawaachia Ammon, nduguye Ryan na wenzao watano. Wengine walikiri makosa, na baadhi walitiwa hatiani mwaka 2017.

Kesi ya jinai ya Nevada, iliyotokana na ule mkasa wa ng'ombe wa 2014, ilianguka kwa sababu nyingine. Waendesha mashtaka walificha ushahidi ambao sheria iliwataka wawape washtakiwa: kamera iliyokuwa ikitazama nyumba ya Bundy, wadunguaji waliokuwepo, na tathmini zilizosema familia hiyo haikuelekea kufanya fujo. Januari 2018 jaji alifuta mashtaka na kuzuia yasifunguliwe tena, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2020.

Waambie wanafunzi: katika kesi zote mbili hakuna jaji aliyesema ardhi ni ya Bundy. Kuachiwa kwa kosa la jinai hakuhamishi hati.

SWALI: Ukikalia ardhi ya serikali Marekani miaka mingi bila kusumbuliwa, inakuwa yako?
Fundi ujenzi, Majengo, Moshi

JIBU: Haiwi. Mwenye ardhi akiwa serikali kuu, hapotezi haki yake kwa sababu tu mtu amekaa hapo muda mrefu. Na anayeamini kipande ni chake tangu zamani anatakiwa kufungua kesi ndani ya miaka 12 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba serikali inakidai. Akichelewa, hata hati nzuri haimsaidii.

SWALI: Tunaishi chini ya msitu. Mama zetu walikata majani ya ng'ombe na kuokota kuni Nusu Maili bila shida, leo tunakimbizwa. Vijana wanasema tukikaa msituni na mapanga kama wale Wamarekani, KINAPA, wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro, watarudi nyuma. Ninyi mnasemaje?
Mama wa familia, Kibosho

JIBU: Mama, wazuieni vijana leo hii. Hatusemi hivyo kwa kudharau shida yenu. Nusu Maili, ule ukanda wa msitu pembezoni mwa Mlima Kilimanjaro, ilitengwa mwaka 1941 makusudi ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia msitu wa ndani. Msitu ulipounganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, ukaja chini ya sheria isiyotambua matumizi hayo. Mwenye ng'ombe wawili wa ndani anayelisha kwa kukata majani anaumia kila siku. Lakini kijana akikutwa msituni na panga, habari inaacha kuwa ya Nusu Maili. Inakuwa jinai, kijiji kinaanza kuchangishana dhamana na wakili wa jinai, na dai la msitu linalala. Silaha za moto ndiyo usiseme: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kumiliki bila leseni.

Fanyeni hivi. Kwanza tafuteni Tangazo la Serikali lililoweka mpaka, lenye namba na mwaka, pamoja na ramani yake. Bila namba hiyo mtazunguka tu. Kisha pata cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya upimaji, mzilinganishe. Mpimaji mwenye leseni atembee mpakani pamoja na wazee, achukue nukta za kila jiwe. Mara nyingi inagundulika mambo mawili tofauti yamechanganywa: mahali pengine jiwe limesogezwa na kumega kijiji, na hilo ni dai la mpaka, mahali pengine mpaka ni sahihi na mnachotaka ni ruhusa ya matumizi, na hilo ni ombi la kisera kwa wizara na hifadhi. Mkiyachanganya kwenye barua moja, mtajibiwa lile jepesi kukataliwa.

Pili, itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uwe na tarehe, ajenda, mahudhurio yenye saini, na azimio lililoandikwa lote. Kesi nyingi za vijiji zinakufa kwa muhtasari wenye saini za watu watatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kushtaki kwa jina lake. Wananchi wakitaka kushtaki wenyewe kwa niaba ya wengine, lazima kwanza waombe ruhusa ya mahakama ya kesi ya uwakilishi, na orodha ya majina iambatane.

Tatu, msipeleke shauri hili baraza la kata wala Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Na kesi dhidi ya serikali au shirika lake inafunguliwa Mahakama Kuu, baada ya notisi ya siku 90 kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe katika kesi. Ukimsahau, au ukifungua siku ya 80, kesi inaondolewa kabla haijasikilizwa. Ikiwa mnachopinga ni uamuzi au amri ya kiongozi, maombi ya mapitio yana muda wa miezi 6 tu.

Na kama vijana wanataka mfano wa ujasiri, wanao jirani. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza Wameru Engare Nanyuki kupisha walowezi, nyumba zikachomwa. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakakusanya maelezo, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na Earle Seaton, wakili aliyekuwa akifanya kazi hapo Moshi, hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Kura ya theluthi mbili katika Baraza Kuu haikutimia. Lakini dunia nzima ilisikia, na chama kilichochanga nauli ile kilijifunza kazi ya siasa kabla ya TANU kuzaliwa.

SWALI: Arusha ina Mahakama ya Afrika na Mahakama ya Afrika Mashariki. Kijiji kikishindwa nyumbani kinaweza kugonga huko?
Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Longido

JIBU: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, kwa sasa, mlango huo umefungwa kwa mwananchi anayetaka kuishtaki Tanzania. Serikali iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja, na kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bado iko wazi, na huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Lakini angalia kalenda. Shauri linatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 2 tangu kitendo kifanyike au mlipokijua. Kwa hiyo usisubiri ushindwe nyumbani ndipo uende; kesi ya nyumbani ikichukua miaka 3, huko utaambiwa umechelewa siku ya kwanza. Mnachodai kiwe ni kuvunjwa kwa Mkataba wa Jumuiya, kwa mfano misingi ya utawala wa sheria, na wakili aliandike hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Tarehe ya tukio ithibitishwe kwa barua, picha au taarifa ya polisi, kwa maana jambo la kwanza upande wa pili utakalobishania ni hiyo tarehe.